Pacha wa gramu 2,551

Ratili tano na wakia kumi. Nilishika kalamu nikazigeuza kuwa gramu, maana mizani zote nilizozitumia kazini zilikuwa za gramu, nikapata 2,551. Mtoto wa uzito huo sisi wakunga hatumwiti njiti, wala hatumwandiki kuwa na uzito pungufu. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 2,500, na huyu kauvuka. Angezaliwa kwenye wodi yoyote niliyopata kuifanyia kazi, angekaushwa, angelazwa kifuani pa mama yake, angenyonya ndani ya saa ya kwanza, na mambo yakiwa shwari, shangazi mtu angekuja na khanga mpya kumpokea.

Kwenye riwaya niliyokuwa naisoma, mtoto huyo anachomwa sindano na kufa. Kosa lake ni kwamba pacha mwenzake ana ratili sita kamili. Wamepishana gramu 170, ambazo hazifiki hata robo kilo ya sukari.

Riwaya yenyewe inaitwa The Giver, ya Mmarekani Lois Lowry. Ilitoka mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikapata Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Wale ambao hawajaisoma mnisamehe, nimekwisha kuwaharibia utamu. Lakini siwezi kusema ninalotaka kulisema bila kuanza na mizani.

Mji anaoishi Jonas, mvulana wa miaka kumi na mmoja, hauna njaa, hauna vita, hauna wizi. Mvua hainyeshi ovyo, na vilima vilikwisha kusawazishwa zamani ili magari ya mizigo yasihangaike. Kila familia inapewa mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, kwa kuomba. Mtoto akitimiza miaka tisa anapata baiskeli, akitimiza kumi na miwili Wazee wanamtangazia kazi yake ya maisha. Jioni watu hukaa mezani kuelezana yaliyowagusa moyoni mchana kutwa. Hakuna rangi, na hakuna anayejua kwamba hakuna rangi. Ila kuna jambo moja ambalo kila mtu hulitaja na hakuna anayeliulizia: kuachiliwa. Wakongwe huachiliwa baada ya karamu nzuri. Anayevunja sheria mara ya tatu huachiliwa. Kichanga asiyekua sawasawa huachiliwa pia. Wote wanasemekana wamekwenda Kwingine, na chakula kinaendelea kuliwa.

Jonas anateuliwa kupokea kumbukumbu zote za kale kutoka kwa mzee mmoja ambaye amezibeba peke yake kwa niaba ya mji mzima: theluji, jua, vita, upendo. Siku moja anaomba aone kanda ya kazi aliyoifanya baba yake asubuhi ile. Baba yake ni mlezi wa vichanga.

Hapo Lowry aliniweza. Baba anaingia chumbani, anawapima mapacha, anamwambia msaidizi kwamba alihofia wasije wakalingana uzito, ingekuwa tabu kuamua. Mzito anakwenda kusafishwa na kuvishwa. Mwepesi anabaki mezani. Baba anachukua bomba la sindano, analiingiza juu ya paji la uso, pale ngozi laini inapodundadunda, huku akimwomba mtoto radhi kwa maumivu na kumweleza kwamba mishipa ya mikono yake bado midogo mno.

Manesi wa watoto watanielewa. Ni kweli tupu. Kichanga aliyekaukiwa maji, mkono wake hauonyeshi kitu. Unamnyoa kipande kidogo cha nywele, unamfunga raba kichwani, unasubiri, mshipa unajitokeza. Nimeona mshipa huo ukirudisha watoto ambao bibi zao walikwisha kuanza kuulizana habari za sanda. Mwandishi angeweza kumpa baba huyu mto, au chumba cha gesi, au kitufe. Akampa mkono wenye ujuzi. Baba hatetemeki wala hana haraka, na sauti yake ni ile nyembamba tunayoitumia sote mbele ya kichanga. Mtoto anarusha miguu, kisha anatulia. Anawekwa kwenye boksi, boksi linasukumwa kwenye tundu la ukutani, lile la kutupia taka, na baba anamwambia kwaheri.

Wengi wanaoisifu riwaya hii huiita riwaya ya udikteta. Mimi naona wamekosea mlango. Sisi watu wa Tanga tumelelewa na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na Kusadikika yake ya mwaka 1951 tuliisoma hadi majalada yakang'oka. Ile ni nchi inayoelea angani, na uovu wake una uso. Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na waziri Majivuno ndiye anayemshitaki. Ukifunga kitabu unajua wa kumchukia.

Mtafute Majivuno kwenye mji wa Jonas, humpati. Mkuu wa Wazee ni mama mwenye adabu zake. Na baba huyuhuyu mwenye sindano ndiye aliyemhurumia kichanga aitwaye Gabriel, asiyeongezeka uzito wala kulala usiku. Alivunja utaratibu akachungulia jina lake kabla ya siku ya kutoa majina, akidhani kumwita kwa jina kutamsaidia. Akaomba ruhusa awe anakuja naye nyumbani jioni. Kurasa za mwanzo nilisema moyoni, laiti zamu yangu ingekuwa na mwanamume kama huyu. Kisha Gabriel akajaribiwa kulala kituoni usiku mmoja, akalia hadi asubuhi, kikao kikapiga kura aachiliwe, na baba akapiga ya ndiyo. Anayasimulia hayo nyumbani, hana kinyongo.

Anawezaje? Mimi jibu naliona kwenye daftari.

Kwenye wodi ya wazazi Tanzania kuna kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya. Kila mama ana mstari wake, mrefu, unaovuka kurasa mbili: saa aliyoingia, saa aliyojifungua, jinsi ya mtoto, uzito, alama alizopata dakika ya kwanza na ya tano, kama yu hai au mfu, na kama ni mfu, ngozi yake ilikuwa nzima au imekwisha kuchubuka. Hiyo ya ngozi ndiyo inayotuambia alifia wapi. Ngozi nzima maana yake huenda alikufa mikononi mwetu, wakati wa uchungu. Ngozi iliyochubuka maana yake alikuja tayari amekwisha. Ni safu nyembamba, lakini watu wamewahi kugombana kwa ajili yake.

Mtoto aliyeachiliwa katika mji wa Jonas hana safu. Ungewaomba takwimu za vifo vya vichanga wangekujibu sifuri, na wasingekuwa wanasema uongo kwa kadiri wanavyojua. Hakuna kaburi, hakuna matanga, hakuna shangazi wa kuuliza. Baba wa Jonas ameua watoto na hajawahi kuwa na mtoto aliyekufa mikononi mwake. Ule uzuri wote wa mji, baiskeli na karamu na mazungumzo ya jioni, umesimama juu ya taarifa safi ya mwezi.

Nimeshuhudia taarifa safi ya namna hiyo ikitengenezwa. Hospitali siitaji, nayo haikuwa ya mwisho kwa ubaya. Mtoto alizaliwa amechoka baada ya uchungu mrefu. Tukamfuta, tukamsugua mgongo, tukampumulisha kwa ambu. Akatoa kilio kimoja chembamba, mapigo yakapanda, yakashuka, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameondoka. Kiongozi wa zamu akasema, "Andika alizaliwa mfu, tumalize." Alikuwa mwanamke mwema. Kina mama wasiokuwa na wa kuwaletea chakula aliwanunulia chai na maandazi kwa fedha yake. Ila alijua kwamba mtoto aliyepumua kisha akafa huleta maswali mengi: nani alimpokea, daktari aliitwa saa ngapi, oksijeni ilikuwa wapi. Aliyezaliwa mfu maswali yake ni machache.

Na mama alikuwa pale kitandani, umbali wa hatua mbili. Kile kilio alikisikia.

Mwenzangu aliyeshika kalamu aliandika saa ya kuzaliwa, na chini yake saa ya kufa. Mwezi uliofuata alihamishiwa kliniki, kupima uzito watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuna aliyesema ni adhabu.

Kuandika vibaya si kuua, naijua tofauti. Lakini mtoto akishaondolewa daftarini, hakuna kikao kitakachouliza kwa nini alichoka tumboni muda wote ule, na wa wiki ijayo atachoka vilevile.

Sasa tazama hesabu za taifa. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukasema 104. Tumezisikia namba hizo majukwaani na kwenye mabango, na ni haki zisikike, watu wamefanya kazi. Lakini ndani ya tafiti hizohizo kuna namba nyingine. Watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwezi walikuwa 25 kwa kila 1,000, kisha wakawa 24. Hiyo sijaiona kwenye bango. Na namba za watoto hazikutoka kwenye madaftari yetu sisi. Wadodosaji walikwenda majumbani, wakakaa kwenye mikeka, wakawauliza wanawake: umezaa wangapi, yupi hayupo, alikufa akiwa na umri gani. Mama husahau mengi ila hilo hasahau.

Kwa hiyo mji wa Jonas ulilazimika kumshughulikia mama kwanza. Wanaozaa katika mji huo ni wasichana waliopangiwa kuzaa kama kazi: miaka mitatu, watoto watatu, basi, halafu wanapelekwa kwenye kazi za sulubu hadi uzeeni. Sisi tunawasihi kina mama wapumzike angalau miaka miwili baada ya kujifungua ndipo wabebe mimba nyingine. Mji ule unaompiga mtoto fimbo kwa kukosea neno moja hauna habari na nyonga za mabinti zake. Kwenye The Giver haya yanapita kwa sentensi chache tu, na niliudhika. Lowry mwenyewe nadhani alijua ana deni, maana mwaka 2012 alitoa Son, kitabu cha nne na cha mwisho katika mfululizo huo, kinachoanza na Claire, binti wa miaka kumi na minne, akiwa kwenye uchungu. Wamemfunika uso kwa barakoa isiyoonyesha kitu ili asimwone mtoto. Mambo yanaharibika, anapasuliwa, mtoto anachukuliwa. Mtoto mwenyewe ni namba thelathini na sita, yaani Gabriel.

Nimezalisha mabinti wa umri huo. Wanashika mkono wako wakauminya hadi pete inakuingia kwenye nyama. Ile barakoa ndiyo nguzo ya mji wa Jonas, kuliko Wazee, kuliko vidonge vya kuua hamu, kuliko vipaza sauti vilivyotundikwa kila nyumba. Mama akimwona mtoto tu, kesho atamuulizia.

Lowry amesimulia kwamba wazo la riwaya lilimjia akimtembelea baba yake aliyekuwa amezeeka na kupoteza kumbukumbu. Mzee alikuwa anamsahau Helen, binti yake mkubwa, aliyekufa kwa saratani akiwa kijana, hata ikabidi aambiwe upya. Mwandishi akajiuliza ingekuwaje kama watu wangeweza kuyafuta kabisa yanayouma. Swali hilo si geni kwetu. Mama akifiwa na kichanga, ndugu humzunguka wakimwambia asilie, Mungu atampa mwingine, na kuna nyumba jina la yule mtoto halitajwi tena. Wanafanya kwa mapenzi, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pale serikali, hospitali au ofisi inapojifariji kwa njia hiyohiyo.

Kitabu nilipewa na mjukuu wangu, wa miaka kumi na mitatu, aliyekiazima shuleni. Kule Marekani wapo wazazi waliotaka kiondolewe madarasani, na miaka ya tisini kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa zaidi, sababu mojawapo ikiwa sindano ile. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Mjukuu wangu aliniuliza kama watu wa kweli wanaweza kuchagua kati ya watoto wawili. Nikamweleza habari za kigego. Zamani, huku pwani na bara yake, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliogopwa kuwa ni nuksi, na baadhi ya jamii zilimtoa kwa watu wengine au kumuua. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wachawi. Walikuwa bibi wa kuheshimika, wakunga wa kijiji, watu ambao ungefurahi kukaa nao barazani. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na wewe bibi?" Nikamwambia mimi nilikuta mizani na daftari, nashukuru.

Ninachoomba si kikubwa. Sura ya kumi na tisa ya kitabu hiki isomwe kwenye vyuo vya uuguzi, mchana mmoja, kwa sauti, kisha wanafunzi waachwe wabishane. Isomwe pamoja na sura za mwisho, Jonas anapomtorosha Gabriel kwa baiskeli hadi wanaikuta theluji. Wasomaji wamebishana miaka mingi kama wawili hao wanapona au wanakufa, na baadaye Lowry alikuja kuonyesha kwenye vitabu vilivyofuata kwamba walipona. Mimi kwanza nilimwona mtoto anayepoa mwili, na kupoa nakujua kunavyoua. Lakini Jonas anafanya nini? Anafungua nguo yake, anamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, anawafunga wote wawili kwa blanketi chakavu.

Wakunga hapo wote watakuwa wamecheka. Hiyo ni kangaruu! Ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto, akawaambia kina mama wawabebe vifuani. Mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu, kwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799, yaani wepesi kwa mbali kuliko pacha yule wa riwayani. Waliowekwa kifuani mapema, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 kati ya 100. Waliongoja kwanza hali zao zitulie walikufa karibu 16. Napenda utafiti ule kwa sababu ya nafuu hiyo, na napenda pia kwamba wale 12 wameandikwa.

Jambo la pili ni vikao vya kupitia vifo vya wazazi na vichanga. Mwongozo upo, nao unasema kikao si mahakama, asitajwe mtu, asilaumiwe mtu, itafutwe sababu. Wauguzi wanaingia humo wakitetemeka kama washitakiwa kwa sababu wanamjua mwenzao aliyehamishwa. Maadamu anayeandika ukweli anapelekwa kliniki na anayeandika "mfu" anabaki zamu, tusishangae madaftari yetu yakipendeza. Mganga mfawidhi yeyote anaweza kulianza hili Jumatatu, halihitaji bajeti wala mfadhili. Aseme mbele ya watumishi wake kwamba mwezi usio na kifo hata kimoja, kwenye wodi inayozalisha mamia, utamfanya aje mwenyewe kukagua.

Nilimuuliza mjukuu wangu, ukweli ukishajulikana mjini, baba wa Jonas afanywe nini? Akasema afungwe. Nikamwambia mimi ningemwita kwenye kikao, nimpe daftari na kalamu aandike wote anaowakumbuka, uzito wao na saa zao, kisha nimrudishe zamu chini ya mkunga mkali, na njiti kifuani, mchana na usiku, mpaka huyo mtoto afike kilo mbili na nusu. Mikono ile ina ujuzi, na mikono yenye ujuzi hatuna mingi.

Akasema, "Bibi, huyo kwa mtoto wangu hasogei." Bado tunabishana.